Takwimu: Uhakiki wa Lugha ya Watabiri wa Mvua

Kila mwalimu wa Kiswahili hulitumia neno takwimu, na takriban kila mwanafunzi wa shule ya upili aweza kutuambia maana yake: hesabu zilizokusanywa na kupangwa ili zielezee jambo fulani. Walakini ni wachache wanaojua kwamba neno hili halikuanza na maana hiyo. Kwa Kiarabu taqwim ni kalenda, na zamani ilikuwa hasa ile kalenda ya wanajimu ambamo mliandikwa mahali pa jua, mwezi na sayari kwa kila siku ya mwaka, ili mwenye kuitazama ajue lini apande, lini asafiri, na lini angoje mvua. Kamusi za zamani za Kiswahili nazo zililieleza neno takwimu kwa maana iyo hiyo ya kalenda. Leo kalenda imejitoa na hesabu zimebaki. Katika makala haya tunakusudia kuifuata safari ya neno hili, kwa kuwa ndani yake mna habari nzima ya jinsi binadamu alivyojaribu kuisoma mvua kabla haijanyesha. Aidha tutaihakiki lugha ya watabiri, wa kale na wa sasa, kama vile tuhakikivyo tamthilia au utenzi: tutauliza msemaji ni nani, anasema nini hasa, na je, maneno yake yaweza kukosea?

Yamkini msomaji atauliza, utabiri wa mvua wahusu nini katika jarida la walimu wa lugha? Hatuna budi kujibu kwa kisa chetu wenyewe, ijapokuwa hakitupi sifa.

Sisi twafundisha Petta, katika wilaya ya Tororo, nchi ya Jopadhola, upande wa Uganda lakini karibu na mpaka wa Kenya kiasi kwamba watu wa huku huuza na kununua Busia na Malaba bila kuona kwamba wamesafiri. Huku mvua, ambayo Jopadhola huiita koth, huja mara mbili kwa mwaka: ya kwanza kuanzia Machi hadi Mei, ya pili kuanzia Agosti au Septemba hadi Novemba. Mkulima apandaye mapema mno huunguza mbegu. Achelewaye hukuta palizi na magonjwa vimemtangulia. Miaka kadhaa iliyopita, Machi ilipokuwa ikikaribia, mzee mmoja jirani yetu alituletea karatasi ya utabiri wa msimu iliyoandikwa kwa Kiswahili, aliyoipata sokoni. Karatasi ilisema kwamba mvua zatarajiwa kuwa za wastani hadi juu ya wastani. Akatuuliza, “Mwalimu, huu wastani ni nini?” Tukamjibu upesi, kwa kiburi cha mwenye stashahada, “Ni mvua za kutosha, Mzee.”

Akaenda akapanda karanga katika shamba lake lote, na nyingine katika kipande alichokodi. Mvua ilianza vizuri, kisha ikakatika kwa majuma matatu. Karanga zilikwisha kuchipua, zikakauka. Mbegu za kupanda tena alizipata kwa mkopo, na mkopo huo ulikula ada ya mjukuu wake ya muhula mzima. Alipokuja kutuona hakuwa na hasira. Alisema tu, “Mwalimu, karatasi ile sikuisoma mimi. Uliisoma wewe.”

Tangu siku hiyo tumekuwa tukiutafakari usomaji wetu. Kosa halikuwa la hali ya hewa, wala hatuna ushahidi kwamba lilikuwa la waliotabiri. Lilikuwa kosa la lugha, na mwenye kulifanya alikuwa mwalimu wa lugha. Basi na tuanze mbali kidogo, ili tuone lugha ya utabiri ilizaliwaje.

Huko Ulaya, tangu mitambo ya kupigia chapa ilipoenea katika karne ya 15, kalenda za unajimu zilikuwa miongoni mwa vitabu vilivyouzwa kuliko vyote. Katika Uingereza, tangu mwaka 1603, haki ya kuzichapa ilikuwa mikononi mwa chama cha wachapaji na wauza vitabu wa London, na kufikia miaka ya 1660 nakala zipatazo 400,000 ziliuzwa kila mwaka. Ndani yake msomaji alikuta siku za magulio, kupatwa kwa jua na mwezi, siku njema za kuumikwa damu, na mbele ya kila mwezi, hali ya hewa itakavyokuwa. Nadharia iliyokuwa nyuma ya mambo haya ilikuwa ya zamani sana: kwamba sayari zina tabia, Zohali ni ya baridi na ukavu, Mirihi ni ya moto, na zikutanapo katika buruji fulani basi hewa ya dunia hufuata.

Nadharia hiyo ilipata mtihani mkubwa mwaka 1524. Johannes Stöffler, mnajimu wa Kijerumani, alikuwa amechapisha mwaka 1499, pamoja na Jakob Pflaum, kalenda ya miaka mingi iliyoonyesha kwamba mwezi Februari 1524 sayari nyingi zitakutana katika buruji ya Hutu, yaani Samaki. Maadamu samaki ni wa majini, watu walifahamu kwamba yatakuja maji. Makumi ya waandishi wakatoa vijitabu, wengine wakitabiri gharika, wengine wakiwatuliza watu. Februari ikaja, ikapita, na gharika haikuonekana. Lakini kalenda za unajimu hazikukoma. Ziliendelea kuuzwa kwa zaidi ya karne mbili. Mhakiki hana budi kujiuliza ni kwa nini.

Jawabu moja limo katika lugha yenyewe. Mtunzi wa kalenda alijifunza kusema bila kusema. Aliandika, kwa mfano, kwamba katikati ya mwezi hewa itageuka, kwamba mahali pengine patapata mvua, kwamba wakubwa fulani watapatwa na huzuni. Sentensi ya namna hiyo haina kitenzi kinachoweza kushikwa. Mahali pengine ni wapi? Itageuka kuwa nini? Mwezi ukiisha, kila msomaji hukuta kwamba jambo fulani limetokea, naye hulichukua lile akalitia katika nafasi aliyoachiwa. Kwa hakika nusu ya utabiri ilitungwa na msomaji mwenyewe.

Aliyeiona hila hii kwa jicho kali kuliko wote alikuwa mwandishi Jonathan Swift. Mwaka 1708, akijificha nyuma ya jina la Isaac Bickerstaff, alijifanya mnajimu mpya, akatabiri kwamba John Partridge, mtunzi mashuhuri wa kalenda wa London, atakufa kwa homa tarehe 29 Machi, yapata saa tano ya usiku. Siku ilipopita alitoa kijitabu kingine kusimulia kifo hicho. Maskini Partridge ilimlazimu kuuhakikishia umma kwamba yu hai. Wengi husoma mzaha huu kama ukatili wa kuchekesha. Sisi twauona kuwa ni uhakiki wa lugha. Swift aliwapa wanajimu kitu kimoja walichokikwepa maisha yao yote: tarehe, saa na ugonjwa, yaani maelezo yanayoweza kukosea.

Hata hivyo, lingekuwa kosa kuwaweka watunzi wote wa kalenda katika kapu moja la walaghai. Wengine walikuwa walimu kama sisi. Johannes Kepler, ambaye baadaye aligundua kanuni za mwendo wa sayari, alifika Graz mwaka 1594 kufundisha hisabati, na sehemu ya kazi yake ilikuwa kutunga kalenda ya kila mwaka. Katika kalenda ya 1595 alitabiri baridi kali na mashambulizi ya Waturuki. Yote mawili yakatokea, na jina lake likapanda. Yeye mwenyewe hakulewa kwa sifa hizo. Baadaye aliandika kwamba mengi katika unajimu ni upuuzi, ingawa hakukubali kuutupa wote.

Mwingine alikuwa John Goad, mwalimu mkuu wa shule ya Merchant Taylors huko London. Goad aliamini kabisa kwamba sayari huleta mvua. Ili kuithibitisha imani hiyo aliandika hali ya hewa ya kila siku kwa miaka ipatayo 30, na mwaka 1686 akachapisha kitabu kikubwa juu ya jambo hilo. Nadharia yake imekufa. Lakini daftari la mtu aliyetazama mbingu kila siku bila kuchoka halifi: wanaochunguza hali ya hewa ya karne ya 17 hulitumia. Hali kadhalika Tycho Brahe, katika kisiwa cha Hven, alihifadhi kumbukumbu za hewa tangu 1582 hadi 1597. Hapo ndipo takwimu ya maana ya kwanza, kalenda ya nyota, ilipoanza kuzaa takwimu ya maana ya pili. Mtu alianza kwa kutafuta amri ya sayari, akamaliza kwa kuacha hesabu za siku.

Sasa na turudi kwetu. Pwani ya Waswahili ilikuwa na elimu yake ya nyota, nayo haikuwa ndogo. Neno msimu, ambalo leo twalitumia hata kwa kandanda, latokana na Kiarabu mawsim, na ndilo hilo hilo lililowapa Wazungu jina la pepo za Bahari ya Hindi. Mabaharia wa zamani walijua kwamba Kaskazi huvuma kuanzia mwisho wa mwaka, ikaleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kwamba Kusi huyarudisha. Ahmad ibn Majid, nahodha aliyezaliwa Julfar katika Ghuba, alikusanya elimu hiyo katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1490 hivi, akieleza nyota, bandari, na siku za mwaka ambazo ni salama kutweka tanga. Anayetaka kujua thamani ya elimu hiyo na aitazame safari ya Vasco da Gama. Mwezi Aprili 1498 aliondoka Malindi akiwa na rubani aliyejua majira, akafika Kalikut kwa siku zisizotimia 30. Katika kurudi hakungoja msimu wake: aliondoka Bara Hindi mwanzoni mwa Oktoba, akahangaika baharini karibu miezi mitatu, na mabaharia wake wapatao 30 wakafa kwa ugonjwa wa kiseyeye kabla hajaiona pwani ya Afrika.

Chombo chao cha kuhesabia kilikuwa mwaka wa Nairuzi, jina lenye asili ya Kiajemi lenye maana ya siku mpya. Mwaka wa Hijra haukufaa kwa kazi hii, kwa sababu ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Ramadhani huzunguka katika majira yote, lakini mvua haizunguki. Mwaka wa Nairuzi una siku 365, zilizogawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za ziada. Mkulima alijua mwongo wa kufyeka na mwongo wa kupanda. Nahodha alijua mwongo wa kufunga bahari. Huko Makunduchi, Unguja, mwanzo wa mwaka huo bado huadhimishwa kila Julai kwa sherehe ya Mwaka Kogwa.

Lakini uhakiki hauna jamaa. Kalenda ya Nairuzi ina kasoro yake: haina siku ya nyongeza kila mwaka wa nne, kwa hiyo hutangulia msimu kwa siku moja kila miaka minne, yaani siku zipatazo 25 katika miaka mia. Mwongo aliopandia babu si mwongo wa kupandia mjukuu. Maadamu wazee waliitazama mbingu na kurekebisha hesabu, kalenda iliwafaa. Aliyeinakili bila kutazama nje alipotea, sawasawa na yule Mwingereza aliyenunua kijitabu cha senti chache.

Hebu tuichunguze methali moja ya pwani kama kipande cha fasihi: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kilimia ni kile kishada cha nyota ambacho jina lake latokana na kulima. Mwezi Mei hupotea katika mwanga wa jua, na Juni huonekana tena alfajiri. Tazama sarufi yake. Haina kiambishi -ta-. Msemaji hakusema kwamba mvua itanyesha. Alitumia -ki- ya masharti na hu- ya mazoea: jambo hili likiwa hivi, aghalabu lile huwa vile. Sharti laonekana kwa macho ya kila mtu. Matokeo nayo yaonekana baada ya majuma machache. Kwa hiyo mkulima asiyejua kusoma aweza kuishika methali na kuipima, mwaka baada ya mwaka. Yaweza kukosea, na hiyo ndiyo heshima yake. Kwa kipimo hiki methali ya mkulima wa Kiswahili ni maandishi bora kuliko kurasa nyingi za kalenda za London.

Hata hivyo methali isidaiwe kisichokuwa chake. Kilimia ni alama ya wakati; hakiumbi mvua, kama vile mshale wa saa usivyouleta mchana. Kosa la wanajimu wa 1524 lilikuwa kuichukua alama wakaifanya sababu. Nyota hutuambia kwamba msimu wa kawaida umekaribia. Haziwezi kutuambia kama msimu wa mwaka huu utakuwa wa kawaida. Jambo hilo latoka kwingine, hasa katika joto la bahari. Maji ya Pasifiki ya tropiki yakipata joto kupita kiasi, hali iitwayo Elnino, mvua za Oktoba hadi Desemba katika Afrika Mashariki aghalabu huzidi. Mwaka 1999 wataalamu walieleza hali nyingine, ya Bahari yetu ya Hindi: upande wa Afrika ukiwa na joto na upande wa Indonesia ukapoa, mvua hizo hizo huongezeka, ndivyo ilivyokuwa mwishoni mwa 2019. Lakini mvua za Machi hadi Mei hazifungamani na bahari kwa nguvu kama hizo, na kwa hiyo ni ngumu zaidi kutabiri. Mzee wetu aliuliza swali lake katika msimu mgumu kuliko yote, akapewa jibu jepesi kuliko yote.

Karibu nasi, ng'ambo ya mpaka, pana jamaa walioishi na ugumu huu kwa vizazi vingi. Katika Bunyore, kaunti ya Vihiga, ukoo wa Nganyi wajulikana kwa elimu ya mvua. Wazee wake hutazama miti ipukutishapo na kuchanua, mienendo ya ndege na wadudu, na mwelekeo wa upepo, na wameuhifadhi msitu wao mtakatifu kwa sababu huo ndio kitabu chao. Tangu mwaka 2008 hivi, wataalamu wa hali ya hewa wa Kenya na wa kituo cha ICPAC kilichoko Nairobi walianza kukaa pamoja na wazee hao kabla ya msimu: kila upande ukaeleza alama zake, kisha ukatungwa utabiri mmoja na kutangazwa kwa lugha ya wenyeji. Wapo wanaolicheka jambo hili, wakidhani kwamba sayansi imepiga magoti mbele ya ushirikina. Sisi tunaliona tofauti. Mzee wa Nganyi na mtaalamu wa Nairobi wote wawili hutazama, hukumbuka na hulinganisha. Wanaopaswa kuogopwa ni wale wasiotazama.

Sasa tuufikie utabiri wa kisasa, tuuhakiki kwa haki ile ile. Tangu mwaka 1998 wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki hukutana kabla ya msimu kutoa utabiri wa pamoja. Njia yao, kwa ufupi, ni hii. Huchukua mvua za msimu kwa miaka mingi iliyopita, tuseme miaka 30, wakaipanga kuanzia mwaka wenye mvua chache hadi mwaka wenye mvua nyingi. Miaka kumi ya chini huitwa chini ya wastani, kumi ya kati huitwa wastani, na kumi ya juu huitwa juu ya wastani. Kisha wakitazama bahari na hewa, hutoa uwezekano wa kila theluthi. Tuchukue mfano wetu wenyewe: asilimia 45 juu, asilimia 35 kati, asilimia 20 chini. Hizi ndizo takwimu za kweli, za kuheshimiwa. Zasema kwamba tukiwa na misimu 20 inayofanana na huu, 9 itakuwa na mvua nyingi, 7 ya kadiri, na 4 itakuwa ya mvua chache.

Je, hesabu hizo zamfikiaje mkulima? Humfikia zikiwa zimevuliwa nguo. Katika matangazo na karatasi za Kiswahili asilimia huachwa njiani, na yasalia maneno: wastani hadi juu ya wastani. Ile misimu 4 mikavu kati ya 20 imetoweka kabisa katika sentensi. Tena neno wastani lina maana mbili. Kwa mtaalamu ni theluthi ya kati ya kumbukumbu za mahali fulani. Kwa msikilizaji ni kitu cha kadiri, kisichozidi wala kupungua, yaani kinachotosha. Lakini mahali pakavu, mvua ya wastani yaweza kuwa haitoshi kukomaza mahindi kamwe. Isitoshe, jumla ya mvua ya msimu haisemi lolote juu ya majuma matatu ya ukame katikati yake. Yamkini msimu ule uliounguza karanga za jirani yetu uliishia kuwa wa wastani kabisa katika vitabu.

Ongeza vitenzi. Inatarajiwa, inakadiriwa, yaweza kunyesha katika baadhi ya maeneo. Nani anatarajia? Maeneo yapi? Msomaji atakumbuka kwamba tumekwisha kukutana na lugha hii, katika kalenda za London. Tofauti ni kwamba mnajimu alificha utupu, ilhali mtaalamu wa leo ana hesabu halisi nyuma ya maneno yake, na sisi wafasiri na wasomaji ndio tunaozificha. Tumeichukua takwimu ya maana mpya tukairudisha kuwa takwimu ya maana ya zamani.

Madhara yake hayaishii shambani. Mwaka 2023 wataalamu walionya juu ya Elnino. Mwezi Oktoba viongozi wa juu wa serikali ya Kenya waliwatangazia wananchi kwamba ile Elnino iliyoogopwa haitafika. Novemba mafuriko yakaja, na kufikia mwisho wa mwezi yalikuwa yameua watu zaidi ya 100 katika Kenya, na kuwafukuza wengine wengi makwao. Mtu ajifunzaye lugha na aitazame njia ya habari hiyo: uwezekano uligeuzwa kuwa ahadi ya kuja, kisha ahadi ya kuja ikageuzwa kuwa ahadi ya kutokuja. Katika ngazi zote mbili lililopotea ni lile neno dogo huenda.

Nasi Waswahili hatuna umaskini wa maneno hayo. Tunayo hapana budi, bila shaka, aghalabu, huenda, yamkini, labda, nadra, muhali. Tunayo -ta- ya ahadi, -ki- ya sharti, -nge- ya dhana, na hu- ya mazoea. Twayafundisha yote kwa mitihani, kisha hatuyatumii panapohusika mbegu ya mtu. Hapa Uganda jambo hili lina uzito wa pekee. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Wengi wetu tumeshangilia. Lakini lugha inayoingia katika kijiji kwa jina la serikali itaulizwa itafanya kazi gani, na haitoshi kujibu kwamba itaimba ngonjera.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu, nasi tumeyajaribu katika darasa letu. Kwanza, utabiri wa msimu usomwe darasani kama matini ya fasihi isomwavyo: mwanafunzi apige mstari chini ya kila kitenzi na kuuliza kwamba yaweza kukosea namna gani. Pili, afasiri sentensi zile kwa lugha ya nyumbani kwake, Kipadhola, Kisamia au Kiteso, kisha mwenziwe azirudishe katika Kiswahili bila kuona za kwanza. Panapotokea tofauti, hapo ndipo neno baya lilipo. Wanafunzi wetu waliporudisha wastani, walileta maneno kadhaa tofauti, na mmoja tu ndiye aliyekaribia maana ya mtaalamu. Tatu, shule iwe na kopo la kupimia mvua na daftari la kuandikia, hata kama halitampendeza mkaguzi. John Goad alikosea juu ya sayari, lakini daftari lake lilimshinda yeye mwenyewe kwa usahihi.

Mzee jirani yetu angali akilima. Baada ya msimu ule hakuacha kutuletea karatasi, jambo lililotuaibisha kuliko kama angaliacha. Alipokuja tena tulitafuta asilimia zake kwanza, kisha tukamwambia, “Mzee, tukihesabu misimu 20 kama huu, 9 ina mvua nyingi, 7 ya kadiri, 4 haina.” Akafikiri, akauliza, “Na huu ni upi katika hiyo?” Tukamjibu kwamba hakuna ajuaye. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba hilo sasa ni neno analoweza kulimia. Akapanda karanga katika nusu ya shamba, na nusu iliyobaki akatia mtama na muhogo.

Tungefurahi kupata kutoka kwa walimu wenzetu wa Busia, Tororo na kwingineko maneno ambayo lugha za makwao hutumia kutenga mvua iliyo hakika na mvua ya kubahatisha. Hapana shaka yapo, na huenda yakawa bora kuliko wastani.